Kupima safari ya Ughaibuni kabla kiwanja hakijauzwa: mwongozo kwa kaya na mitaa ya Tanga

Katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Ngamiani, ambako nimekuwa mweka hazina kwa muda wa kutosha kujaza makaunta buku matano, maombi ya mikopo mikubwa huja kwa sababu mbili: ada ya shule na kumsafirisha mtoto. Ombi la ada hujieleza lenyewe, kwa kuwa karatasi ya shule inaonyesha kiasi na tarehe. Ombi la safari huja na maneno matatu tu, "amepata nafasi Oman", na mama anayeomba hutarajia kwamba maneno hayo yanatosha. Mwongozo huu umetokana na maswali tuliyolazimika kuanza kuwauliza akina mama hao baada ya kuyasoma upya madaftari yetu na kuona kwamba, kati ya kaya zilizosafirisha mtu, zipo zilizoinuka na zipo zilizozama zaidi ya zilivyokuwa, na kwamba kilichozitenganisha mara nyingi kilikuwa deni lililomtangulia msafiri.

Mnahitaji kaunta buku moja, kalamu, jioni mbili zisizo na wageni, na msafiri mwenyewe akiwa ameketi mkekani pamoja nanyi. Hili la mwisho nalisisitiza kwa kuwa nimeona hesabu za safari zikifanywa na mjomba, dalali na baba wa kambo huku binti anayesafiri akiwa uani anakuna nazi. Daftari litakuwa na kurasa nne: kaya ilivyo leo, gharama ya kuondoka, fedha zikianza kuingia, na kurudi.

Ukurasa wa kwanza: kaya kama ilivyo leo

Andikeni kwanza watu wote wanaokula chungu kimoja, kisha kila kinachoingia kwa mwezi, kisha kila kinachotoka. Kipimo cha kujilinganisha nacho kipo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwa Tanzania Bara kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, na ule wa chakula peke yake kuwa shilingi 33,748. Waliokutwa chini ya mstari wa kwanza walikuwa asilimia 26.4 ya watu. Bei zimepanda tangu hapo, kwa hiyo uchukueni mstari huo kama sakafu. Kaya yenye walaji sawa na watu wazima watano, ambayo matumizi yake hayafiki shilingi 246,600 kwa mwezi, ingehesabiwa kuwa maskini hata kwa bei za wakati ule. Katika kujumlisha, mhogo wa shambani na samaki wa kitoweo anayeletwa na mjomba kutoka Sahare waandikwe kwa thamani yao ya sokoni, kwa kuwa siku visipokuja mtavinunua.

Sehemu inayosahaulika karibu kila mara ni mchango wa yule anayetaka kuondoka. Watu husema "yupo yupo tu nyumbani", na hapo ndipo hesabu huanza kuharibika. Chukueni mfano wa binti anayekaanga bajia na kachori jirani na shule saa za mchana, akapata faida ya shilingi 4,000 kwa siku katika siku 24 za mwezi. Hizo ni shilingi 96,000, karibu sawa na mahitaji ya msingi ya watu wazima wawili kwa mstari ule wa serikali, nazo zinakoma siku anayopanda ndege. Zaidi ya hapo, ndiye anayempeleka bibi kliniki, ndiye anayeteka maji yanapokatika, na ndiye anayewasimamia wadogo zake wafanye kazi za shule. Andikeni kila kazi katika mstari wake, na mbele yake andikeni jina la mtu atakayeifanya. Mstari ukibaki bila jina, kazi hiyo itaangukia kwa mmoja wa watoto wa kike, na huenda ikamtoa shuleni. Wapo wanaosema wataajiri msichana wa kazi kutoka Handeni, na si vibaya, lakini mshahara wake uandikwe pia. Tena ni vizuri kukumbuka kwamba naye huyo ameacha bibi nyumbani kwao, kwa hiyo pengo lililokuwa la Makorora hapa mjini limehamishiwa kijijini, ambako hakuna rial ya Oman itakayolifuata.

Tanga ilipokuwa Ughaibuni ya wengine

Kabla ya kugeuza ukurasa, yafaa kukumbuka kwamba mkoa huu uliwahi kuwa mahali pa kukimbiliwa. Katani ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida, iliyofika hai na kupandwa ni 62 tu, na kutokana na hiyo yakaota mashamba yaliyoifanya nchi hii iongoze duniani kwa mkonge, hadi kufikia kilele cha tani zipatazo 230,000 mwaka 1964. Wakataji hawakutosha hapa kwetu. Waliletwa kutoka Kigoma, Njombe, Songea, na hata Burundi na Msumbiji, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya, SILABU. Kila mmoja alipewa namba, nasi tukawaita manamba, jina ambalo baadhi ya wajukuu wao wa Muheza na Korogwe bado hawapendi kulisikia.

Nalileta jambo hili kwa sababu ya kazi moja ya mwongozo. Katika mitaa na vijiji vyetu wapo wazee ambao baba zao walikuja kwa mkataba, na kila mmoja anaweza kukueleza nini kilitokea kule walikotoka: shamba gani halikulimwa, mke gani alisubiri, fedha gani ilifika na ipi haikufika. Mkalieni mzee mmoja kabla ya kuamua. Mimi nilimkalia mmoja, akanionyesha kadi ya kipande ya baba yake iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, yenye vijumba vya siku 30. Mwenye kazi asipozitimiza hakulipwa kipande chake, na homa ya siku tatu ilisogeza mshahara mbele. Aliniuliza mikataba ya siku hizi inasema nini kuhusu siku za ugonjwa. Sikuwa na jibu, nami nilikuwa nimeshapitisha mikopo minane ya safari. Tangu siku ile swali hilo limo katika orodha yetu.

Nani huondoka, na nani hubaki

Ni makosa kudhani kwamba maskini kuliko wote ndio wanaosafiri mbali. Safari ya mbali inataka mtaji, jamaa aliyetangulia, na mtu wa kukudhamini, na mambo hayo matatu hayakai kwenye nyumba isiyo na akiba wala shamba la minazi la kuweka rehani. Ndiyo maana katika mtaa mmoja mtaona nyumba tatu zenye watu Muscat na Dubai zikiwa zimefuatana, za ndugu watupu, na upande wa pili wa barabara hakuna hata moja. Anayetoka katika nyumba fukara kabisa huenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, au huzamia meli kuelekea Durban, njia ambayo siishauri kwa yeyote na ambayo haina ukurasa katika daftari hili.

Wachumi waliopima mambo haya wamepata majibu yanayotia moyo kwa ujumla wake. Nchini Nepal, ambako umaskini ulishuka kutoka asilimia 42 mwaka 1995/96 hadi 31 mwaka 2003/04, utafiti mmoja ulikadiria kwamba moja ya tano ya upungufu huo ilitokana na watu kutoka kwenda kufanya kazi na kutuma fedha nyumbani. Ulinganisho wa nchi 71 zinazoendelea, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba fedha zinazotumwa kutoka nje zikiongezeka kwa asilimia 10 kwa kila mtu, idadi ya walio maskini hupungua kwa asilimia 3.5. Lakini ninaouthamini zaidi ni wa hapa hapa nchini, wa Kagera, ambao uliwafuata watu waliohojiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi walipokuwa mwaka 2004. Waliohama walikuwa na ukuaji wa matumizi uliozidi ule wa waliobaki kwa pointi 36 za asilimia, hata ndugu wa nyumba moja walipolinganishwa wao kwa wao, na wengi wao walikuwa wamehamia miji na maeneo mengine ya Tanzania, si ng'ambo.

Kwa hiyo kabla ya Oman, andikeni upande wa kushoto wa ukurasa safari ya karibu. Kama binti anajua kushona, Arusha ina gharama gani na ina kipato gani? Kama kijana ni fundi wa kuchomelea, je, ameshatafuta kazi bandarini hapa Tanga au Chongoleani, linakoishia lile bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda? Safari ya karibu huwa na mshahara mdogo na deni dogo, na mtu anaweza kurudi kwa nauli ya basi.

Ukurasa wa pili: gharama ya kuondoka

Ukurasa huu ndio ulioamua hatima ya kaya nyingi nilizoziona, na hauhitaji haraka. Orodhesheni kila shilingi: pasipoti ya kielektroniki, ambayo tangu ilipoanza mwaka 2018 ada yake imekuwa shilingi 150,000, vipimo vya afya, picha na nakala, safari za Dar es Salaam, ambazo hazijawahi kuwa moja, malazi huko, na kile kinachoitwa "cha wakala". Hicho cha mwisho kichunguzeni kwa makini. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala wa ajira hapaswi kumtoza mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ingawa unaziachia nchi nafasi ya kuweka vighairi. Waajiri wengi wa Ghuba hulipa viza na tiketi wao wenyewe, na wapo madalali wanaoificha habari hiyo ili wachukue fedha huku na huku. Hapa nchini wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe na leseni ya serikali, na pa kuulizia ni ofisi ya serikali inayosimamia huduma za ajira. Ombeni kuiona leseni yenyewe, isiwe picha ya simu, kisha muiulizie kabla ya kutoa hata shilingi ya fomu. Dalali aliyekuja na jina la "shangazi" na asiyetaka kuonekana na mwenyekiti wa mtaa, mshukuruni kwa chai aliyokunywa na mlango ufungwe.

Baada ya jumla, andikeni fedha itatoka wapi. Hapa nitaonyesha hesabu kwa mfano, nanyi mtaweka tarakimu zenu.

Tuseme safari imegharimu shilingi 2,000,000, na mshahara ulioahidiwa ni rial 80 za Oman. Rial moja ina thamani ya takriban dola 2.6 za Marekani, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1986. Tukichukua dola kuwa shilingi 2,500, mshahara huo ni kama shilingi 520,000. Binti akibakiza rial 20 kwa mahitaji yake, anatuma rial 60, yaani shilingi 390,000. Ondoeni shilingi 96,000 za bajia ambazo hazipo tena, inabaki 294,000 ya kulipa deni, bila hata kijiko cha sukari kuongezeka nyumbani. Tuseme pia miezi mitatu ya kwanza hakuna kitakachotumwa, kwa sababu mshahara umechelewa au umekatwa, jambo ambalo ni la kawaida kuliko madalali wanavyosema.

Kama milioni hizo mbili zilikopwa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na hiyo ni ya huruma ukilinganisha na mikopo ya kausha damu inayozunguka mitaani, baada ya miezi mitatu deni limekuwa shilingi 2,662,000. Mwezi wa nne binti anapotuma, riba peke yake inameza shilingi 266,200, na deni linapungua kwa shilingi 27,800 tu. Mkiendelea hivyo kila mwezi, itachukua miezi 25, ukihesabu na huo wa nne, kulimaliza. Mkataba wake ni wa miezi 24 kwa jumla. Atarudi nyumbani deni likiwa bado halijakatika, ametumikia mkopeshaji kwa miaka miwili akidhani anamtumikia mama yake.

Fedha ile ile ikikopwa kwenye kikundi kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, baada ya miezi mitatu deni ni shilingi 2,060,602, na malipo yale yale ya 294,000 yanalimaliza katika malipo ya nane, yaani mwezi wa kumi na moja wa mkataba. Inabaki zaidi ya nusu ya mkataba ambayo fedha yake yote ni ya kaya. Binti ni yule yule, rial ni zile zile.

Kuuza kiwanja au minazi kunaonekana hakuna riba, lakini riba ipo. Minazi ishirini iliyokuwa ikilipa ada kila muhula haitalipa tena, na kiwanja kilichouzwa leo hakirudi kwa bei ya leo, hasa pale ambapo waliotangulia Ughaibuni ndio wanaonunua. Ikibidi sana, weka rehani kwa ndugu kwa maandishi yaliyoshuhudiwa, yenye tarehe ya kukomboa. Mchezo wa upatu nao unafaa, kijumbe akikubali kumpa msafiri zamu ya mwanzo na mtu wa nyumbani akasaini kuendelea kuchanga kwa niaba yake.

Katika ukurasa huo huo pawe na sehemu ya mambo ya mkataba, kwa kuwa hatari nayo ni gharama. Ajira za ndani katika nchi nyingi za Ghuba ziko chini ya mfumo wa kafala, ambao unaufunga ukaazi wa mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, hivyo kuacha kazi bila ridhaa yake kunaweza kumfanya mtu aonekane mtoro. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani Watanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, ikieleza habari za pasipoti kushikwa, saa za kazi kupita kiasi na mishahara kupunguzwa au kutolipwa. Basi mkataba usomwe nyumbani, kwa lugha ambayo msafiri anaielewa, na yaandikwe majibu ya maswali haya: mshahara ni kiasi gani na unalipwa tarehe ngapi; siku ya mapumziko ni ipi; akiugua nani anagharimia, na siku hizo zinalipwa au la; tiketi ya kurudi ni ya nani; simu atakaa nayo yeye au la. Nakala ya pasipoti, viza na mkataba zibaki kabatini kwa mama, na namba ya ubalozi wa Tanzania wa nchi hiyo aijue kwa kichwa. Familia moja ya Chumbageni ilikubaliana na binti yao neno la siri: akiuliza habari za "paka wa bibi", nao hawajawahi kufuga paka, maana yake ni kwamba hayuko salama na hawezi kusema. Aliulizia paka mwezi wa pili. Walijua pa kupiga simu, na barua ya mkataba ilikuwa mkononi. Aliyewahi kuahidiwa kazi moja akakuta nyingine ya kulazimishwa ajue pia kwamba nchi hii ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na malalamiko hupelekwa polisi, si kwa dalali.

Ukurasa wa tatu: fedha zikianza kuingia

Kabla hajaondoka, amueni nani atapokea. Mpokeaji si lazima awe mkubwa wa nyumba. Awe yule anayeandika. Kila fedha inapoingia ataandika tarehe, kiasi kilichotumwa, kiasi kilichofika, na kilichokatwa njiani. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba kufikia mwaka 2030 gharama ya kutuma fedha ishuke chini ya asilimia 3, lakini kuja Afrika kusini mwa Sahara bado ni ghali kuliko kanda nyingine za dunia. Kwa kuwa sehemu ya ada huwa haibadiliki hata kiasi kikiwa kidogo, kutuma mara moja kwa mwezi ni nafuu kuliko kutuma rial tano tano kila anapopigiwa simu ya shida. Linganisheni njia mbili au tatu, mkiangalia ada pamoja na kiwango cha kubadilishia, maana wapo wanaotangaza ada ndogo na kuirudisha kupitia kiwango.

Kisha gawanyeni, na mgao uandikwe kwa idhini ya msafiri. Deni litangulie. Chakula, dawa na shule vifuate. Fungu la tatu ni la msafiri mwenyewe, katika akaunti yenye jina lake, na hilo ndilo lenye ugomvi. Wazazi wetu wengi huliona kama mtoto kuwabania. Nilikuwapo mama mmoja wa Makorora aliponiwekea sauti ya binti yake kwenye simu ili nishuhudie ukaidi wake: "Mama, shikamoo. Ya deni umeipata na ya bibi umeipata. Ile ya kwangu niachieni huko huko benki, mama yangu, nisije nikarudi mikono mitupu mkanionea haya." Mama alitaka nimwambie binti ana makosa. Nilimwonyesha mgao ulioandikwa, akanyamaza, akaninyang'anya simu yake.

Tahadhari moja kuhusu nyumba. Ukipita Mikanjuni au pembezoni mwa Pongwe utaziona nyumba zilizofika kwenye lenta, nondo zimechomoza juu na kushika kutu, majani yanaota sebuleni. Nyingi ni za watu walioko nje. Ujenzi ulianza mwezi wa kwanza wa mshahara, deni likiwa bado bichi, ukasimama mkataba ulipokatika. Tofali lililokaa mvua tatu bila paa ni akiba inayooza, wakati fedha hiyo hiyo ingeweza kuwa friji ya kugandisha barafu za kuuza, au fungu la kuku, kitu kinachoingiza kabla ya kuisha. Msijenge hadi deni lifutwe na pawepo akiba ya miezi sita ya chakula, nyumba haitawakimbia.

Jiandaeni pia kwa mtaa. Habari ikienea kwamba mna mtu Uarabuni, kila msiba utawatazama ninyi kwanza, na kila harusi itawapandishia mchango. Kutoa ni jambo jema na ndiyo desturi yetu, lakini litengewe kiasi chake kwa mwezi, na kikiisha msemaji wa nyumba aseme kimeisha.

Kwa mwenyekiti wa mtaa na wajumbe

Yaliyotangulia ni ya kaya. Mtaa mzima una hesabu yake, na viongozi wanaweza kuifanya kwa kutumia rejista ya wakazi iliyopo, kwa kuzipitia nyumba mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na tena mwishoni mwa mwaka. Ziwekeni nyumba katika mafungu matatu: zenye mtu nje ya nchi, zenye mtu mkoa mwingine, na zisizo na yeyote. Msiulize kiasi cha fedha kinachotumwa, kwa kuwa mtadanganywa na mtaleta husuda. Ulizeni yanayoonekana: milo ya jana, watoto walioacha shule, nani anamtunza mgonjwa, nyumba inadaiwa au haidaiwi, na bati au makuti.

Kosa kubwa hapa ni kulinganisha visivyolingana. Nyumba yenye mtu Muscat kuwa na bati jipya si ushahidi kwamba safari imeleta bati, ikiwa tangu mwanzo ilikuwa na duka. Ilinganisheni na nyumba iliyokuwa hali moja nayo miaka mitatu iliyopita na ambayo haikusafirisha mtu. Balozi wa nyumba kumi wa eneo hilo anakumbuka vizuri kuliko rejista. Angalieni pia athari kwa wasiosafirisha. Bei ya viwanja ikipandishwa na fedha za nje, kijana anayeuza samaki hapati tena pa kujenga. Kwa upande mwingine, mabaharia wa ngalawa wakipungua, waliobaki wanaweza kudai fungu bora zaidi la samaki, na fundi aliyebaki hupata kazi za wale wanaojenga kutoka mbali. Mambo haya mawili yaandikwe yote.

Jambo la kuangaliwa kwa jicho la karibu ni nyumba za bibi na wajukuu. Panapotajwa majina kwenye mkutano wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, husikika sauti nyuma ikisema "huyo ana binti Oman", na bibi huchujwa. Mjumbe aende akaangalie ndoo ya unga. Binti anaweza kuwa ana miezi saba hajalipwa, na bibi ameficha kwa aibu.

Ukurasa wa nne: kurudi

Ukurasa huu huachwa mtupu, isipokuwa mstari wa juu wenye tarehe ya mwisho wa mkataba, na msafiri peke yake ndiye anayeujaza. Atakapofika apewe wiki moja ya kulala na kula bada kwa samaki wa nazi bila kuulizwa kitu. Wiki ya pili aletewe daftari. Ataandika alichorudi nacho: fedha, vitu, na ujuzi, kwa maana aliyepika miaka miwili katika nyumba ya watu kumi na wanne anaweza kuendesha jiko la mama lishe hapa Tangamano, na aliyelea wazee anajua kazi ambayo nyumba nyingi za mjini zinaitafuta. Ataandika anachodaiwa na anachodai, pamoja na mishahara ambayo hakulipwa, kwa tarehe, ili kama kuna pa kuidai iwe na ushahidi. Mwisho ataandika kama anataka kurudi tena, na kama ndiyo, kwa nini, na kurasa tatu za kwanza zitafanywa upya kwa bei za mwaka huo.

Mweka hazina wenu aombwe nakala. Sisi huzihifadhi kwenye bahasha moja ya kaki, na mama mwingine anapokuja na maneno matatu, tunamtolea bahasha hiyo asome kwanza, majina yakiwa yamefunikwa kwa karatasi.